Kiti Ambacho Shemeji Hakutaka Kukisogeza

Kwanza, kilichotokea Igawa

Igawa, saa nne kasoro robo asubuhi, shemeji yangu Hamisi alifungua mlango wa lori, akaruka chini kama anavyoruka siku zote, na mguu wake wa kushoto haukumpokea. Hakujikwaa wala hakuteleza. Mguu uligusa ardhi ukakunjika kama suruali tupu, naye akaenda chini kwa ubavu mbele ya meza ya mama muuza vitumbua. Mimi nilikuwa bado kwenye kiti cha abiria. Nilipozunguka upande wa pili nikamkuta amekaa vumbini, anajipiga paja kwa ngumi, anacheka, na uso umempauka.

"Umeumia?" nikamuuliza.

"Sijui, shemeji. Huu mguu haujaniambia."

Wengi wenu mmeniuliza ilikuwaje, na kila mmoja amesikia kipande chake. Kuna aliyesikia tumepinduka. Hatukupinduka. Naandika yote hapa, kituo kwa kituo, nikifuata daftari langu la vipimo, maana ndilo nililokuwa nalo mkobani.

Uyole hadi Igawa

Tuliondoka Uyole saa kumi na mbili na nusu, ukungu ukiwa bado umelala barabarani. Mimi nilikuwa nakwenda Kihesa, Iringa, kumwona shangazi. Hamisi alikuwa anapeleka mchele Dar es Salaam, na mwenye gari alikubali anichukue. Hamisi ni mume wa mdogo wangu Rehema, na lori hilo ameliendesha miaka tisa. Kwa msiofahamu kazi yangu, nashona makava ya viti na mito ya magari pale Mwanjelwa. Madereva wengi wa barabara hii wamekalia mkono wangu bila kujua jina langu.

Hamisi alikuwa kwenye mto wangu wa nne. Wa kwanza nilimshonea mwembamba tu, wa kuweka mgongoni, kwa sababu alisema pedeli ziko mbali. Mwaka uliofuata akataka mnene kidogo, kisha mnene zaidi. Mara zote hizo sikumuuliza kwa nini. Mteja akitaka sponji nene, nashona nene, na huyu alikuwa mteja ninayempikia pilau siku ya Idi.

Asubuhi hiyo, kwa mara ya kwanza, nilikaa kando ya mto wangu nikautazama ukifanya kazi. Mshono ulikuwa mzuri. Tatizo ni kwamba ulikuwa umemsukuma mbele mpaka akakalia ukingo wa kiti, kama mgeni aliyepita mara moja tu kusalimia. Kila alipokanyaga klachi alijinyoosha, bega la kushoto likashuka, na ukingo wa kiti ukambana chini ya paja. Kwenye mteremko wa Inyala nilianza kuhesabu alivyokanyaga, nikaacha nilipofika ishirini. Tulipopita Igurusi akaanza kujipiga paja.

"Una nini?"

"Mguu umelala. Tukifika Chimala unaamka."

"Na usipoamka?"

"Shemeji, wewe ni abiria au ni mkaguzi?"

Chimala tulipita mguu ukiwa bado umelala. Mbele kidogo kulikuwa na matengenezo ya barabara, magari yanapita upande mmoja kwa zamu, tukakaa kwenye foleni zaidi ya saa nzima. Tulisogea hatua kumi, tukasimama, tukasogea tena, na kila kusogea ni klachi. Hapo ndipo nilipomuuliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa miaka minne iliyopita kwenye meza yangu ya kukatia vitambaa.

"Badala ya kuongeza mto, kwa nini usisogeze kiti?"

Akanitazama kama nimemwambia ahamishe kaburi la mtu.

"Hicho ni kiti cha Mzee Kalinga."

Mzee Kalinga ndiye aliyemfundisha kazi. Aliliendesha lori lile kabla yake, miaka mingi, bila ajali hata moja, na siku aliyostaafu alimkabidhi funguo pale Ipogolo, chini ya mji wa Iringa. Hamisi alinieleza kwamba dereva ukikabidhiwa gari na aliyekufundisha, huanzi kwa kubadilisha vitu vyake. Redio unaiacha kwenye stesheni yake. Kioo kidogo alichokifunga kwa waya unakiacha. Kiti unakiacha alipokiweka.

"Yeye aliweza kuendesha kutokea pale," akasema. "Alikuwa na sababu yake."

"Sababu gani?"

"Sikumuuliza. Unamuulizaje mtu kama yule kitu kama kile?"

Igawa

Mama muuza vitumbua alikuwa wa kwanza kufika, na alikuja na maji ya kunywa. "Ndaga, mama," nikamshukuru kwa Kinyakyusa chake, akafurahi, kisha akamwinamia Hamisi kumnusa mdomo. Alidhani amelewa. Hakusikia harufu ya pombe, akahamia kwenye gesi tumboni, akaenda kuchemsha tangawizi. Waliokusanyika waligawanyika pande mbili, wa gesi na wa kuchomwa sindano vibaya.

Aliyetusaidia alikuwa mezani muda wote huo, anakula kitumbua chake polepole. Kijana mmoja, Tumaini, anayefanya kazi ya mazoezi ya viungo hospitalini, alikuwa anasubiri usafiri wa kwenda nyumbani kwao Rujewa. Alijifuta mafuta vidoleni, akamwomba Hamisi avue kiatu na soksi, halafu afumbe macho.

"Nikikugusa sema 'sasa'."

Akachukua penseli yangu, akaanza kuipitisha kwenye unyayo. Mwanzoni Hamisi hakusema kitu. Mama wa vitumbua akasimama na sufuria mkononi. Baada ya dakika kadhaa Hamisi akasema "sasa", penseli ikiwa kisiginoni. Kisha kidole gumba. Ilichukua karibu nusu saa mguu kurudi, kipande kwa kipande, na vidole viwili vya mwisho, kile kidogo na jirani yake, havikurudi.

Tumaini akamwomba apande akae kama anavyokaa akiendesha. Yeye akabaki mlangoni akitazama kwa upande. Akajaribu kuingiza vidole vyake kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti la Hamisi. Havikupita.

"Hapa inatakiwa nafasi ya vidole vitatu," akasema. "Goti liwe limekunjwa kidogo hata klachi ikiwa imekanyagwa mpaka chini. Mgongo uegemee kiti chenyewe. Wewe kaka umebanwa hapa kila siku, siku nzima, na gari linatikisika. Damu na mishipa ya fahamu vitapita wapi?" Akaubonyeza mto. "Na huu nani alikutengenezea?"

Hamisi alinitazama, akanihurumia, akasema, "Fundi mmoja wa Mbeya."

"Ni mimi," nikasema.

Tumaini alikuwa na adabu. Alisema mshono ni mzuri. Akanigeukia akidhani ni mkewe, akaniambia nimwangalie mume wangu vizuri, mpaka Hamisi akamwambia, "Huyu si mke, ni mkaguzi." Halafu akatoa maagizo yake, nami nikayaandika. Hamisi asiendeshe mpaka mguu uwe na nguvu kamili. Mto utoke. Kiti kisogezwe mbele. Kila saa moja asimame, ashuke, azunguke lori mara mbili. Asiruke tena, ashuke akiutazama mlango, mikono miwili na mguu mmoja vikiwa vimeshika kila wakati, maana kila anaporuka kutoka juu vile uzito wote unaishia kiunoni. Akifika Iringa aonane na daktari.

"Na Kitonga," akamalizia, "usiteremke na mguu usiojua ulipo."

Kwa wasiopita huko: ukitoka Iringa kwenda Dar es Salaam lazima uteremke mlima Kitonga, kona juu ya kona, na lori lenye mzigo linateremka kwa gia ya chini. Ukikosa klachi pale hukosei mara mbili.

Hamisi alimpigia mwenye gari. Nilisikia upande mmoja tu wa mazungumzo. Alipomaliza akasema ataandaliwa dereva mwingine, asubiri Ipogolo. Mguu wa Hamisi ukiwa mzima, dereva huyo atarudi kwao. Usipokuwa mzima, atachukua usukani. Hakuambiwa atauchukua kwa safari ngapi, na hakuuliza.

Tulimpa Tumaini kilo mbili za mchele wa kula safarini, akakataa, mama wa vitumbua akazipokea kwa niaba yake.

Igawa hadi Makambako

Tuliondoka baada ya adhuhuri. Hamisi aliswali amekaa, akisema kuinuka ataujaribia mguu kwenye ngazi za lori. Alipanda vizuri, akakanyaga klachi mara kadhaa gari likiwa limezimwa, nami nimeshika goti lake kama fundi anayesikiliza injini. Nguvu ilikuwepo. Mto aliutoa. Kiti hakukigusa.

"Nitamuuliza Mzee kwanza," akasema. "Yuko Kihesa, tunakwenda hukohuko."

Sasa bila mto hakuzifikia pedeli. Nikatoa mkasi na sindano mkobani, nikaupasua mto wangu wa nne, nikatoa zaidi ya nusu ya sponji. Ile iliyobaki niliipanga iwe nyembamba juu na ngumu kiunoni, na kipande nilichokitoa nikakikunja chini ya mapaja ili ukingo usimkate. Haikuwa dawa. Ilitufikisha Makambako tukiwa tumesimama mara mbili, na mguu haukulala.

Makambako tulilala. Baridi yake mnaijua. Tulikula ugali na maharage kwa mama mmoja Mbena aliyeweka jiko la mkaa chini ya meza, katikati ya miguu ya wateja, na Hamisi akasema ule mguu wake haujawahi kutunzwa namna ile.

Makambako hadi Nyololo

Kilichotokea Nyololo ni kosa letu, na bado nikikikumbuka nacheka peke yangu cherehani ikiwa inakwenda.

Saa moja baada ya kuondoka, Hamisi aliegesha pembeni karibu na Nyololo ili azunguke lori kama alivyoagizwa. Nikamfuata, ndani ya khanga mbili kwa ajili ya baridi. Tulikuwa kwenye mzunguko wa kwanza lori lingine liliposimama nyuma yetu. Dereva wake akashuka na jeki.

"Tairi au spring?"

"Hakuna kitu, kaka. Natembea."

"Unatembea?"

"Nazunguka gari."

Dereva yule akaliangalia lori, akaniangalia mimi, akarudi kuchukua spana. Hakuamini. Dereva wa barabara hii haachi mwenzake njiani, na hakuna aliyewahi kumwona dereva mzima akizunguka gari zima bila kukagua chochote. Lori la tatu lilisimama. Huyo wa tatu alianza kuvunja matawi porini na kuyapanga barabarani, kama tunavyofanya gari likiharibika, ili wanaokuja nyuma wapunguze mwendo. Matawi yakasimamisha la nne. Mabinti wa Nyololo wanaouza viazi na njegere wakaona malori manne, wakavuka barabara mbio na mabeseni yao.

Hamisi alilazimika kueleza. Alieleza yote, kiti, mto, ganzi, kuanguka. Nilitegemea wacheke, na walicheka. Alipopanda kisha akawaonyesha namna ya kushuka akiutazama mlango, mwenye jeki akasema, "Unashuka kama mama mjamzito."

"Mama mjamzito haanguki Igawa," Hamisi akamjibu.

Halafu kicheko kikaisha, na kila mmoja akaanza kutoa lake. Mmoja shingo yake haigeuki kulia, anageuka na mwili mzima. Mwingine akifika nyumbani anakaa ndani ya gari robo saa kabla ya kushuka, na mkewe anadhani anaongea na mtu kwenye simu. Mwenye jeki nilimwona ananyoosha vidole vyake vitatu na kuvichomeka nyuma ya goti, ameketi kwenye ngazi ya gari lake. Tulipoondoka walikuwa wanazunguka malori yao, wakiwa na viazi vya kuchemsha mikononi. Wenye kuyaondoa matawi walikuwa wawili, waliyasafisha yote barabarani, hata majani.

Madereva watatu walipoteza asubuhi yao kwa ajili ya gari ambalo halikuharibika. Hakuna aliyelalamika. Nimeandika hivyo daftarini na nimepiga mstari chini.

Nyololo hadi Kihesa

Mafinga tulipita misitu ya misonobari, tukasimama Ifunda, na mchana tukafika Ipogolo. Dereva mwingine alikuwa hajafika. Tuliacha lori kwenye maegesho, tukapanda bajaji kwenda mjini juu, mpaka Kihesa.

Nilimtarajia mtu mrefu. Kiti kile, kwa hesabu za fundi, kilikaa mahali pa mtu mwenye miguu ya kuvuka mto bila kulowa. Mlango ulipofunguliwa akatoka mzee mfupi kuliko mimi, fimbo mkononi, mguu wa kushoto unaburuzika kidogo.

"Kamwene," akatusalimu.

"Kamwene, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Hamisi, mbona unatembea kama mimi?"

Hamisi alikaa kwenye mkeka, ingawa viti vilikuwepo. Alianza mbali sana, kwa afya na mvua na watoto, mpaka nikaogopa jua litazama. Mwishowe akasema, macho yakiwa chini, "Mzee, nimekuja kuomba ruhusa. Ile sehemu uliyoweka kiti. Nataka nikisogeze mbele kidogo."

Mzee Kalinga akaiegemeza fimbo ukutani.

"Kiti kipi?"

"Cha gari."

"Sikukiweka pale mimi. Nilikikuta. Kimeganda hicho, hakisogei. Nilihangaika nacho mwezi mzima nikachoka, nikawa natia koti mgongoni."

"Lile koti lako la kijani?"

"Hilohilo."

Hamisi akamtazama. "Mzee, mimi nilidhani lile ni la baridi."

"Baridi ya Chalinze?"

Mke wa mzee, aliyekuwa anatuletea uji wa ulezi, alicheka mpaka akaweka trei chini. Mzee mwenyewe hakucheka sana. Aliuliza kila kitu kuhusu mguu wa Hamisi, tangu lini, vidole vipi. Kisha akavua kandambili, akaonyesha mguu wake.

"Hiki na hiki," akasema, akigusa kidole cha mwisho na jirani yake. "Havijarudi. Nilidhani ni uzee tu, sikumwambia mtu. Ningekwambia siku ile ya funguo, lakini ningeanzaje kumlalamikia kijana anayepewa gari?"

Wote wawili waliiangalia miguu yao kwa muda. Mzee akaomba fimbo yake. Alisema anashuka na sisi Ipogolo.

Ipogolo

Fundi wa Ipogolo alilala kifudifudi, akamulika chini ya kiti kwa tochi ya simu, akatoka na jibu. Reli za kiti zilikuwa zimejaa kutu na mchanga uliokuwa mgumu kama saruji, na mtu fulani, zamani, alipigilia bolti moja kuzuia kiti kisiteleze. Alikata bolti, akakwangua reli, akatia grisi, akarekebisha kufuli yake. Chai niliyoagiza ilikuwa bado ina moto alipomaliza.

Mzee Kalinga ndiye aliyevuta mkono wa kiti. Kikasogea. Alikirudisha, akakisogeza tena, mara tatu.

Tulilala kwa shangazi, na asubuhi iliyofuata hospitalini Iringa walimpima Hamisi, wakasema mshipa umebanwa muda mrefu, apumzike, asiendeshe mpaka arudi kupimwa. Hakubishana, nami nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi. Dereva mwingine alikuwa ameshafika, jamaa mrefu, mpole. Hamisi alimkabidhi funguo palepale alipokabidhiwa yeye. Redio hakuitaja. Alimpandisha, akamwonyesha mkono wa kiti, akaingiza vidole vitatu nyuma ya goti lake.

"Kisogeze unavyotaka," akamwambia. "Ni kiti tu."

Tulisimama watatu, mimi na hao wenye fimbo moja kati yao, tukaliangalia lori likitoka kuelekea Kitonga. Jioni jamaa alipiga simu. Ameteremka salama.

Nyumbani

Tumerudi Mbeya kwa basi. Nimeacha kushona mito ya mgongoni kabla sijamwona mteja ameketi ndani ya gari lake. Wengine wananiona msumbufu, wengine wanavuta mkono wa kiti na kwenda bila kununua kitu, na naona sawa. Tumaini nimemtumia salamu kupitia kwa mama wa vitumbua. Mwenye gari amesema lori ni la Hamisi siku daktari atakapoandika kwamba mguu umepona, na miadi ni Alhamisi ijayo.

Kila jioni Rehema anamkalisha mumewe kwenye jamvi, anamfumbisha macho, anachukua penseli. Kidole cha nne kilirudi juzi. Jana alipitisha ncha kwenye kidole cha mwisho mara tano, nami nikiandika. Hamisi alisema "sasa" mara mbili. Mara moja kati ya hizo mbili, penseli ilikuwa bado haijamgusa.